Kijarida cha kurasa nane kina kazi gani?

Barua za sayansi mwezi huu ni nyingi na ukurasa ni mmoja, kwahiyo nimechukua tatu tu. Zinatoka kwa watu wasiojuana, mmoja Tengeru na wawili upande wa Moshi, ila zote zinazunguka jambo lilelile, vijarida vidogo ambavyo watu wa fani moja wanaandikiana. Wengine msinune, zamu yenu inakuja.

SWALI: Habari za kazi Mhariri. Mimi ni mtafiti msaidizi huku Arusha, Tengeru, nashughulika na maharage na mikunde mingine. Sisi watu wa mikunde wa kanda hii tuna kijarida chetu cha kurasa nane hivi kinachotoka mara mbili kwa mwaka, hakina ufahari wowote, mtu anaandika aya mbili kwamba mbegu fulani imeota vibaya, mwingine anauliza nani bado ana mbegu ya aina fulani ya zamani, kuna na habari za nani kahamia kituo gani, basi tunaprinti nakala chache zingine tunatuma kwa PDF. Sasa tumeletewa mkuu mpya kasema kisimamishwe, muda huo uende kwenye pepa za majarida ya kimataifa maana kijarida hakihesabiwi popote kwenye kupandishwa daraja. Naona ana pointi lakini moyo unakataa. Hiki kitu kina thamani au tunajifariji tu? — *Mtafiti wa maharage, Tengeru*

JIBU: Mdogo wangu, kwenye kupanda daraja mkuu wako yuko sahihi na usibishane naye hapo. Ukijaza kijarida miaka kumi bila pepa hata moja utabaki msaidizi mpaka ustaafu, na atakayekwambia vingine hakutakii mema. Anapokosea ni kudhani kwamba kijarida na jarida vinafanya kazi moja ila kimoja ni cha hadhi ya chini. Jarida la kimataifa linataka kitu kilichokamilika, chenye mwanzo na mwisho, na data za misimu kadhaa na takwimu zimekaa sawa. Sasa wewe unayeshinda shamba la majaribio niambie, ni vitu vingapi unavyovijua wewe na mwenzako wa ploti ya jirani ambavyo havitakaa vifike huko hata siku moja?

Chukua wale mbawakavu wanaotoboa majani ya maharage, Ootheca, mnaowajua vizuri kuliko mimi. Kwamba mdudu mzima anajilaza udongoni kiangazi chote halafu anatoka mvua zikianza, hilo limeshaandikwa, na kwamba ukilima mara baada ya kuvuna unawafukua wakafa na jua nalo limeandikwa. Lakini msimu huu upande wa Usa River walitoka wiki ya ngapi baada ya mvua ya kwanza? Aliyelima mapema akaona tofauti au hakuona? Yule aliyechelewesha kupanda ili awakwepe, je mvua si zilimkatikia maua yakiwa ndo yanatoka? Hakuna mhariri wa London atakayechapa hicho, na sio kwamba ni kijinga, ni kwamba ni kidogo mno kusimama peke yake. Ila mwenzako wa Babati akikisoma mwezi huu kinamuokolea msimu mzima. Na kuna yale majaribio yaliyofeli, hayo ndo yanazikwa kabisa, mtu anajaribu kitu hakifanyi kazi ananyamaza, mwaka unaofuata mwingine anajaribu kilekile kwa hela nyingine ya mradi nayeye ananyamaza.

Halafu mwambie mkuu wako, kwa adabu, kwamba hamjabuni nyie. Watu wa mahindi Marekani walianza hivyohivyo mwishoni mwa miaka ya 1920, Rollins Emerson wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwasambazia wenzake taarifa za vinasaba vya mahindi ambazo hazijachapwa popote, na mwaka 1932 wakaunda ushirika wao kabisa pale Ithaca ambao ulikuwa unatunza mbegu na kutoa kijarida. Mbegu hizo mpaka leo zinatunzwa na ukiomba unatumiwa. Kwenye kundi hilo la Cornell walipita George Beadle na Barbara McClintock, mmoja akachukua Nobeli 1958 na mwingine 1983, sasa sisemi kijarida ndo kiliwapa Nobeli, nasema watu wa kiwango hicho hawakuona haya kuwa kwenye kundi linaloandikiana vitu nusunusu.

Wa inzi wa matunda, wale inzi wadogo wanaojaa kwenye ndizi zilizoiva, nao wakafuata mwaka 1934, Calvin Bridges na Milislav Demerec wakaanzisha cha kwao. Humo sehemu iliyokuwa na maana kubwa ni orodha, maabara fulani inafuga inzi wa aina hizi na maabara fulani aina zile. Inaonekana kitu cha kuchosha, lakini ukiwa unahitaji inzi mwenye macho meupe na mbawa zilizokunjamana kwa pamoja, orodha hiyo inakutoa kwenye miezi ya kuzalisha mwenyewe, unaandika barua moja unaletewa. Nyie mkiwa na ukurasa mmoja tu wa nani ana mbegu gani, hapo hapo mmeshalipia gharama ya karatasi.

Ila hadithi ninayoipenda ni ya watu wa minyoo. Kuna mnyoo mdogo wa udongoni, urefu kama milimita 1, anaitwa Caenorhabditis elegans, Sydney Brenner alimfanya maarufu kwa pepa yake ya 1974. Mwaka uliofuata, Desemba 1975, Bob Edgar wa Santa Cruz kule California akatoa toleo la kwanza la kijarida chao na jina lenyewe la utani tu, Worm Breeder's Gazette, kama vile ni gazeti la wafugaji wa minyoo. Kilikuwa na vichekesho, vibonzo kwenye jalada, na taarifa za ukurasa mmoja mmoja, hamna mhakiki wa kuzipitia kabla hazijachapwa wala nini.

Sasa sikia. Oktoba 1993 Martin Chalfie na wenzake waliweka humo kinoti kifupi, kwamba wamechukua jeni ya protini inayong'aa kijani kutoka kwa yavuyavu, yule jelifishi wa baharini, wakaiingiza kwa mnyoo na neva za mnyoo zikawaka kijani akiwa hai, unamuangalia tu kwenye hadubini bila kumuua wala kumpaka rangi. Jeni yenyewe ilikuwa imetolewa na Douglas Prasher mwaka mmoja kabla na alishirikiana nao. Pepa rasmi ilikuja kutoka kwenye Science Februari 1994, yaani wafugaji wa minyoo walikuwa na habari hiyo mkononi miezi minne kabla ya dunia nzima. Mwaka 2008 Chalfie akapata Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo pamoja na Osamu Shimomura na Roger Tsien. Leo maabara karibu kila kona ya dunia inatumia protini hiyo, na ilianza kusomwa ndani ya kijarida chenye vibonzo.

Na kama mkuu atasema hayo ni ya Wazungu wa inzi na minyoo, sisi ni maharage, mjibu kwamba hata wa maharage wana ushirika wao tangu 1957, Bean Improvement Cooperative, unatoa ripoti ya kila mwaka yenye taarifa fupifupi za kurasa mbili hivi kutoka kwa watu wa maharage nchi mbalimbali. Kwahiyo uwanja ni wenu kabisa.

Cha kukutahadharisha ni kimoja. Usije ukataka kumfurahisha mkuu kwa kukigeuza kijarida kiwe jarida, muweke wahakiki, muweke fomati ya marejeo, muanze kukataa makala. Wapo waliokua hivyo na wakafanikiwa, Pachyderm ya wataalamu wa tembo na faru wa Afrika ilianza mwaka 1983 kama kijarida na sasa ni jarida lenye uhakiki, ni zuri na wa wanyamapori hapo mjini Arusha wanalijua. Lakini pale kijarida kinapopanda ngazi, yule mwenye aya mbili zake za mbegu iliyoota vibaya anakosa pa kuzipeleka, na kwa maoni yangu mwaka wa pili tu mtaanza kutafuta kijarida kingine cha kuziba pengo. Bakini na kurasa nane. Mkuu akilia na muda, muonyeshe ni masaa mangapi kweli kinakula, maana nahisi anadhani ni mengi kuliko yalivyo, na mpe nafasi ya ukurasa wa kwanza aandike salamu, wakubwa wengi hulainika hapo.

SWALI: Mhariri mambo. Nasoma uzamili, niko Moshi kwa ajili ya kazi ya maabara. Kuna kijarida cha watu wa fani yetu wananiomba niandike kuhusu mbinu niliyoibadilisha kidogo ikawa nafuu zaidi, maana vitendanishi, zile kemikali za vipimo, ni bei mbaya. Naogopa vitu viwili, kwanza mtu mwenye hela na maabara kubwa atachukua atawahi kuchapa, pili nasikia ukishaandika mahali jarida linakataa pepa yako. Nifanyeje? — *Mwenye wasiwasi, Moshi*

JIBU: Wasiwasi wako una msingi wote mbili, tusidanganyane.

La kuibiwa kwanza. Vijarida hivi tangu zamani vimeishi kwa sheria moja, kwamba kilichomo humo hakitumiki kwenye pepa ya mtu bila ruhusa ya aliyeandika. Wa mahindi na wa inzi waliichapa waziwazi kwenye kijarida chenyewe, ukitaka kunukuu unamwandikia mwenyewe, akikubali unataja kama mawasiliano binafsi. Hamna polisi wa kusimamia hilo. Kinachosimamia ni kwamba fani ni ndogo, wote mnakutana kwenye mkutano uleule kila mwaka, na mtu akikwapua cha mwenzake habari inamfika kila mtu kabla chai ya saa nne haijaisha, na tangu hapo hatumiwi mbegu, hatumiwi sampuli, hajibiwi barua. Kwenye fani ya watu mia mbili hiyo adhabu inauma kuliko mahakama. Kwenye fani ya watu laki moja haifanyi kazi kabisa, na ndo maana nakuuliza, hicho kijarida kinasomwa na nani? Kama ni watu mnaojuana kwa majina, andika. Kama kinarushwa kila mahali na hujui kinaishia wapi, andika kwa kubania. Na kabla ya yote angalia kama sheria hiyo imeandikwa kwenye ukurasa wa mbele, kama haipo waambie waiweke ndo utume chako.

Kuna jambo watu hawalifikirii, kuandika mapema kunakulinda pia. Una tarehe, una jina lako, na watu wote wa fani wameshuhudia kwamba wewe ulikuwa nacho mwezi fulani. Aliyekaa nacho kimya kwenye daftari hana shahidi. Mwaka 1955 mwanasayansi wa vinasaba Francis Crick aliandika waraka kwa klabu ndogo ya marafiki, walijiita RNA Tie Club na walivaa tai zinazofanana, akaeleza kwamba lazima kuna kitu cha katikati kinachounganisha lugha ya vinasaba na ile ya protini. Waraka huo hakuwahi kuuchapa kama pepa ya jarida. Na bado wazo hilo linahesabika ni la Crick hadi leo, mana waliousoma walijua.

Sasa la jarida kukukatalia, hapo ndo pa kuwa makini. Mwaka 1961 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilianzisha makundi ya kubadilishana maandiko kabla hayajachapwa, yaani mtu anatuma pepa yake nzima nao wanaitoa nakala wanawasambazia wanachama kwa posta. Ilipendwa sana, na ikafa 1967 baada ya majarida kuweka mguu chini kwamba pepa iliyozunguka huko hawaichapi. Tofauti na minyoo unaiona? Kule walisambaza pepa nzima, watu wa minyoo walisambaza kinoti. Leo majarida mengi yamelegeza, hata pepa nzima iliyowekwa wazi mapema wanaipokea, lakini sio yote, kwahiyo fungua maelekezo ya waandishi ya jarida unalolitaka usome hiyo sehemu, ni dakika tano tu, na kama haieleweki mwandikie mhariri wao, kawaida wanajibu.

Kwako wewe ningefanya hivi, eleza mbinu kiasi mtu aweze kuirudia mezani kwake, taja kitendanishi ulichobadilisha na kiwango chake, sema wapi iligoma. Acha jedwali lako kubwa la matokeo na zile picha nzuri, hizo ndo pepa yenyewe. Supavaiza wako ajue kabla, hilo sio ombi. Na kama mnafikiria kusajili hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wenu, basi usiandike popote, hata aya moja, hadi muwe mmeshawasilisha maombi, maana kitu kikishatoka hadharani kinaweza kupoteza sifa ya kuwa kipya na hapo hamna wa kukuokoa.

Ukiniuliza ni kitu gani hasa utapata, utapata watu wa kuijaribu. Mbinu nafuu iliyofanya kazi kwa mtu mmoja ni bahati mpaka ifanye kazi kwa wengine watatu, na ukienda kwenye jarida ukiwa na wenzako watatu wanaosema na sisi imetukubali, mhakiki atakusumbua kidogo sana.

SWALI: Bwana Mhariri, salaam. Mimi ni mstaafu, nilikuwa fundi wa maabara na shamba kwenye mambo ya kahawa miaka mingi, nakaa Machame. Sina digrii. Nina madaftari ya mvua, ya tarehe kahawa ilipotoa maua, na ni wakati gani chulebuni, ule ugonjwa wa punje za kahawa, ilianza kuonekana kwenye shamba langu na la jirani. Vijana wa utafiti wameniunga kwenye grupu lao la WhatsApp, naona wanatuma picha za majani na mijadala mizuri lakini kesho yake imeshafukiwa na salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Kijana mmoja kaniambia mzee andika kwenye kijarida chetu. Je, mtu kama mimi anaruhusiwa? — *Mstaafu, Machame*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Unaruhusiwa, na kwa kweli hiyo ndo mojawapo ya sehemu chache kwenye sayansi ambapo hawakuulizi cheti. Jarida kubwa litataka taasisi yako, barua pepe ya chuo, na ada ya kuchapa inayoweza kuzidi mavuno yako ya mwaka. Kijarida kinataka ulichoona.

Umeliona mwenyewe tatizo la grupu. Linafaa sana kwa swali la leo, mtu anapiga picha ya jani lenye madoa ya rangi ya machungwa anauliza hii ni kutu au ni nini, dakika mbili kajibiwa, safi. Ila muulize aliyejibu baada ya miezi sita akuonyeshe jibu lake, hatalipata, simu imebadilishwa, au alifuta kupata nafasi ya video za harusi. Kijarida kina namba ya toleo na ukurasa, mtu wa miaka 20 ijayo anaweza kukitaja. Vyote viwili viwepo, ila cha kwenye grupu kinachofaa kuna mtu inabidi akitoe akipeleke kwenye kijarida, la sivyo kinaenda na maji.

Kuhusu madaftari, hapo mzee una mali na sijui kama unajua ukubwa wake. Chulebuni inapenda baridi na unyevu, kila mkulima wa mlimani anajua hivyo, kituo cha Lyamungu wametafiti kahawa tangu 1934 na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo hapo sasa, imetoa aina chotara zinazostahimili ugonjwa. Lakini mlima ni mkubwa na una tabia zake, mvua ya Machame sio ya Rombo, na kipimo cha kituo kimoja hakijui kilichotokea shambani kwako. Mtu aliyeandika tarehe ya maua na tarehe ya dalili ya kwanza kwenye shamba lilelile mwaka hadi mwaka, vijana wenye kompyuta watamfuata hadi mlangoni, maana hicho hawawezi kurudi nyuma wakakipima upya.

Usiandike madaftari yote kwa mpigo, utachoka na wao watachoka. Anza na taarifa moja, chukua miaka michache ambayo ugonjwa ulikuwa mbaya sana na michache ambayo haukuwepo kabisa, weka tarehe, weka mvua, sema shamba liko usawa gani wa mlima, aina gani ya kahawa, migomba ya kivuli ilikuwepo au ilikatwa, na ulipiga dawa ya kopa, ile ya kuzuia ukungu, au hukupiga. Hilo la dawa usiliruke hata kama unaona aibu kwamba mwaka fulani hukuwa na hela ya kununua, kwa mtafiti mwaka ambao hukupiga ndo una thamani zaidi. Usirekebishe tarehe ili zipendeze, na pale ulipokuwa unaumwa hukuandika acha wazi, andika sina.

Kiswahili kinatosha. Kama kijarida chao ni cha Kiingereza, kijana aliyekuomba ndo kazi yake kutafsiri, na jina lako likae la kwanza sio chini kwenye shukrani, hilo mkubaliane kabla hujampa daftari. Na daftari lenyewe asiondoke nalo, apige picha kurasa ukiwa umekaa hapo.

Kwa picha za majani na punje zenye ugonjwa, piga asubuhi kabla jua halijawa kali, punje iwe kwenye karatasi nyeupe na uweke sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane, upande wa juu moja na upande wa chini moja, na nyuma ya karatasi andika tarehe na jina la shamba. Wakikataa kuchapa, nitumie mimi.